Mwanamke Aliyefungwa kwa Kutamka "Mvua"

Mwezi wa nane mwaka jana, mchana wa jua kali, mwanamke mwenye umri wa miaka sabini na mitatu alifungwa kwa kamba ya nyavu kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia dagaa, katika mwalo mdogo wa wavuvi ulio chini ya Pasiansi, jijini Mwanza. Waliomfunga hawakuwa majambazi. Walikuwa waanikaji wenzake, watu aliokaa nao kwenye misiba na kucheza nao kwenye harusi. Mwenyekiti wa mwalo, mzee Chenge, alikuwepo. Hakulikaza fundo kwa mkono wake, lakini pia hakulifungua.

Mwanamke huyo anaitwa Akelo. Kosa aliloshtakiwa nalo lilikuwa la kuita mvua.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Akelo alishuka mwaloni, akaanza kupita kichanja baada ya kichanja akianua dagaa wa watu, wangali wabichi, na kuwarundika kwenye turubai. Huku akianua, alipaza sauti neno moja la Kijaluo: "Koth! Koth!" Koth ni mvua. Angani hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa kiganja. Watu walicheka, wakamrudisha nyumbani kwa binti yake, Janet, anayeitwa mama Collins kwa jina la mwanawe. Kesho yake, katikati ya kiangazi, mvua ya ghafla ilishuka kutoka ziwani ikawakuta dagaa wote wameanikwa. Waliloa, wakanuka, wakauzwa kuwa chakula cha kuku. Basi Akelo alipoonekana tena mwaloni, hakuna aliyecheka.

Janet aliitwa kutoka sokoni. Alimkuta mama yake amesimama wima, mikono nyuma, kitenge kimemlegea, na watu wamemzunguka.

"Mfungueni mama yangu," alisema.

"Mama Collins, mama yako ameita mvua," alijibu Rose, mwanikaji ambaye kichanja chake kilipakana na cha Janet. "Tulimsikia sote. Koth, koth! Kesho yake ikaja. Unataka ushahidi gani tena?"

"Na macho yenyewe mekundu vile!" mtu aliongeza kutoka nyuma.

"Macho hayo ni ya moshi," alisema Janet. "Rose, sangara walioliwa kwenye harusi yako, nani alikesha jikoni akiwabanika?"

"Sikubishii habari ya sangara. Nakwambia dagaa zangu zimeliwa na kuku."

Hapo ndipo Chenge aliposogea. Hata katika hali ile, adabu aliyolelewa nayo ilimtoka yenyewe mdomoni. Alimwinamia kidogo mwanamke aliyefungwa akamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Akelo. "Umeshaanua?"

Wawili watatu waliguna. Chenge alimgeukia Janet. "Mchukue mama yako. Asionekane hapa mpaka kamati ikae. Akionekana, kichanja chako tutampa mtu mwingine."

Kwa mtu asiyeujua mwalo, kichanja ni miti michache na kipande cha wavu. Kwa Janet, mjane mwenye watoto, kilikuwa chakula, karo na kodi ya nyumba. Kwa hiyo tangu siku hiyo alitakiwa kuchagua: amfungie mama yake ndani, au apoteze kazi inayomlisha mama huyohuyo.

Inafaa msomaji ajue ni nani aliyefungwa. Akelo alizaliwa Rorya, kando ya ziwa, katika ukoo wa wavuvi. Aliolewa na fundi wa mitumbwi aliyehamia Mwanza kutafuta kazi, akamzalia Odera, ambaye sasa anaishi Musoma, na Janet. Mumewe alipofariki watoto wangali shule, hakurudi kwao. Alibanika sangara kwa kipindi fulani, moshi ukamharibu macho, kisha akashika dagaa. Kwa zaidi ya miaka arobaini maisha yake yalisimama juu ya vitenzi viwili: kuanika na kuanua. Alianika jua lilipochomoza na kuanua upepo ulipogeuka. Katika mwalo ule, sauti iliyotangulia kuwaonya wengine mara nyingi ilikuwa yake.

Ugonjwa ulimwingia taratibu. Alianza kuyasahau majina ya wateja. Akatia chumvi mara mbili katika mboga moja, akapotea njia akitoka kanisani, akamuuliza Janet kwa nini baba yake amechelewa kurudi. Kisha Kiswahili chenyewe kikaanza kumponyoka, kikabaki Kijaluo cha utotoni na maneno machache ya salamu na ya kazi. Majirani walisema ni uzee. Janet naye alisema ni uzee, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa neno jingine.

Hata zahanati haikumpa. Baada ya aibu ile ya mwaloni, Janet alimpeleka mama yake kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Walipita kwenye dirisha la wazee bila kupanga foleni, kama maandishi ya ukutani yalivyoahidi. Tabibu aliuliza swali moja.

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na mitatu."

"Basi huo ni uzee, dada. Uzee hauna dawa. Ila kama anasumbua, nitampa ya kumtuliza."

Hakumpima shinikizo la damu. Hakuchungulia sikio wala jicho. Alimchoma sindano ile wanayochomwa wagonjwa wa akili wanaovunja milango, akampa na vidonge vya aina hiyohiyo vya kutumia nyumbani. Akelo alitulia kweli. Alikaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, shingo imekakamaa, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Alipojaribu kusimama alianguka, akavimba paji la uso. Chakula alikuwa akikiweka shavuni na kusahau kukimeza.

"Afadhali sasa ametulia," majirani walimpongeza Janet.

Ametulia! Mawe ya ziwani nayo yametulia, lakini hakuna anayesema yamepona. Nataka lieleweke vizuri: kumnyamazisha mgonjwa si kumtibu. Ni kuwatibu wanaokerwa naye. Dawa za aina ile zina watu wake na zina kazi yake. Na kwa mzee mwenye ugonjwa wa kumbukumbu, daktari mwangalifu huweza kuzitumia kwa muda mfupi, kwa kipimo kidogo, pale ambapo hatari ni kubwa na njia nyingine zimeshindwa. Kwa Akelo hakuna njia nyingine iliyokuwa imejaribiwa. Kosa lake lilikuwa kuanua dagaa.

Odera alipiga simu kutoka Musoma.

"Mlete nyumbani Rorya, dada yangu. Huko hakuna vichanja vya watu."

"Huko kuna ziwa, kaka. Atalifuata."

"Tutamfungia chumbani. Mchungaji atakuwa anakuja kumwombea."

"Maombi sikatai. Aje hata kesho. Lakini mama amekwisha kufungwa mara moja na watu baki. Hatafungwa mara ya pili na watoto wake."

"Sasa utafanya nini? Utaacha kazi umlinde?"

 Janet alimpakia mama yake kwenye bajaji na kumpeleka hospitali kubwa ya rufaa, akiwa na vidonge vya zahanati kwenye mkoba.

Huko walipokelewa na Dk. Wilhelmina, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Kwanza alimuuliza Akelo maswali kwa Kiswahili: leo ni siku gani, hapa ni wapi, taja vitu vitatu nilivyokutajia. Akelo alimtazama tu. Angekuwa daktari mwenye haraka, angeandika kwamba mgonjwa hajui lolote. Dk. Wilhelmina alimgeukia Janet.

"Nyumbani anazungumza lugha gani?"

"Siku hizi Kijaluo tu."

"Basi muulize wewe, kwa Kijaluo, nami nisikilize."

Akelo akajibu. Hakujua mwaka wala jina la hospitali, lakini alijua kwamba yuko Mwanza, kwamba yule aliyekaa mbele yake ni daktari, na kwamba daktari huyo amekonda, ale. Janet alipotafsiri, daktari alicheka hadi akavua miwani. Halafu aliomba asimuliwe kisa cha mwaloni, neno kwa neno.

"Huko mwaloni kwenu," aliuliza Janet alipomaliza, "mtu akipaza sauti 'mvua', wengine wanafanya nini?"

"Wanaanua."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Ndiyo ishara yetu."

"Basi mama yako hakuita kitu. Alikuwa kazini."

Janet aliniambia kwamba hapo ndipo alipolia, ilhali siku ya kamba hakulia. Alikuwa amemtetea mama yake kwa habari za moshi na sangara, naye hakuwa ameliona jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya mwalo mzima. Neno lilelile ambalo kila mwanikaji hulitamka mawingu yakikusanyika, lilipotoka katika kinywa cha mwanamke mzee, kwa lugha ya watu wachache, liligeuzwa kuwa uchawi.

Daktari alimweleza kwamba dalili zote zilielekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao huua seli za ubongo polepole na kuanza na kumbukumbu za karibuni, huku za zamani zikidumu. Si uzee. Wazee wengi hufa wakiwa na akili zao timamu. Kisha akasema jambo ambalo waganga wa matangazo ya barabarani hawatalisema kamwe.

"Sina dawa ya kumponya, mama Collins. Hakuna aliye nayo, popote duniani. Nilicho nacho ni njia za kumpunguzia mzigo."

Njia ya kwanza ilikuwa kuondoa kinachomdhuru. Vidonge vya kumtuliza vilipunguzwa, kisha vikasimamishwa. Pili, vilitafutwa vitu vingine vinavyoweza kuchanganya akili ya mzee na ambavyo vina tiba: damu ilipimwa sukari, homoni za tezi ya shingo, upungufu wa vitamini na maambukizi, mkojo nao ukapimwa. Alikutwa na maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa. Masikio yake yalikuwa yameziba kwa nta, yakasafishwa. Kumbe sehemu ya ule ukimya ilikuwa ya mtu asiyesikia. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, akapangiwa upasuaji. Fikiria, msomaji. Yote haya yalikuwemo mwilini mwake siku ile zahanati ilipoandika "uzee".

Ndipo wakafika kwenye dawa ya ugonjwa wenyewe, vidonge vya kumbukumbu. Moyo wake ulipimwa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupunguza mapigo.

"Haitaurudisha ubongo ulioharibika," alisema daktari. "Kwa baadhi ya wagonjwa huzisaidia seli zilizobaki kuwasiliana vizuri zaidi, wakaweza kujivalisha na kutambua watu kwa muda mrefu kidogo. Kwa wengine haifanyi kitu. Tutaanza na kipimo kidogo, tuangalie baada ya miezi michache. Akitapika au akizimia, mlete."

Janet alikuwa amesikia redioni habari za dawa mpya za dripu. Aliuliza.

"Zipo katika nchi za nje. Zinaondoa uchafu wa protini unaojikusanya kwenye ubongo, na hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo, kwa wale tu walio mwanzoni kabisa. Mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara, maana ubongo huweza kuvuja damu. Mama ameshavuka hatua hiyo, hata kama zingekuwepo hapa. Usiuze kiwanja kwa ajili ya dripu hizo."

Baada ya hapo daktari aliisukuma kalamu pembeni. "Nusu nyingine ya tiba haiuzwi dukani. Asikalishwe tu. Siku zake zifanane: aamke wakati uleule, ale mahali palepale. Msemeshe kwa Kijaluo. Akimuulizia baba yenu, usimwambie kila siku kwamba amekufa, maana kila siku atafiwa upya. Muulize baba alikuwa mtu wa namna gani. Na mpe dagaa."

"Dagaa, daktari?"

"Aanike na kuanua. Hiyo ndiyo kazi ambayo ugonjwa haujamnyang'anya."

Kwenye dirisha la wazee la hospitali hiyo, vidonge vya maambukizi vilipatikana. Vya kumbukumbu havikuwepo, na mtoa dawa hakuwahi kuviona. Janet aliambiwa aulize mjini. Katika duka la dawa la Sachin, mfanyabiashara ambaye babu yake alifungua duka hilohilo, alivipata.

"Huwa naagiza Dar es Salaam kwa ajili ya mama mkwe wangu, Jasuben," Sachin alimwambia. "Nikiagiza vyake, nitaagiza na vya mama yako. Pole sana, dada. Najua nyumba yenu ilivyo, maana na yetu iko hivyo. Juzi amenifukuza, anadai mimi ni fundi bomba niliyemwibia mfereji."

Walicheka wote wawili. Lakini mimi silichekei jambo hili. Ugonjwa hauulizi ukoo wala dini, wala kama mtu ana duka au kichanja. Tiba ndiyo inayouliza.

Janet alimjengea mama kichanja kidogo uani, cha urefu wa kitanda. Kila asubuhi mama yake alipewa karai la dagaa. Aliwatandaza kwa viganja, akawageuza, akaketi kivulini kuwalinda dhidi ya kunguru, akawaanua, na mara nyingine akawaanika tena waliokwisha kukauka. Hakuna aliyemsahihisha. Tumbo lilimsumbua majuma ya mwanzo ya vidonge, kisha likatulia. Kukakamaa kwa shingo kulimwachia. Sitasema alipona, kwa sababu hakupona. Asubuhi nyingine alimwita Janet kwa jina lake, asubuhi nyingine kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini alikula, alilala, na alikuwa na neno la kumwambia kila aliyepita. Akaanza kuanua hata nguo za wapangaji wengine.

"Mama Collins!" jirani alipiga kelele siku moja. "Leo mama ameanua mpaka shuka zangu. Mwambie basi na kukunja akunje."

"Angalia kitandani kwako. Ameshakunja."

Hata hivyo uani si mwaloni, na Janet hakuweza kuwa pote pawili. Siku kamati ilipokaa, chini ya bati la banda la kupimia samaki, alikwenda na mama yake amemshika mkono. Chenge aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuamua kama kichanja cha Janet apewe mtu mwingine.

"Ninalo swali tu, mwenyekiti," alisema Janet. "Wiki iliyopita, wingu lilipotokea upande wa Ukerewe, nani alikuwa wa kwanza kupaza sauti hapa?"

Watu walianza kutazamana.

"Si ni mwenyekiti mwenyewe?" alisema Rose.

"Alisema nini?"

"Alisema mvua."

"Na ilinyesha?"

"Ilinyesha. Tena sana."

"Nani alileta kamba?"

Banda zima liliangua kicheko. Chenge alijikuna kidevu. "Mimi nilikuwa natahadharisha watu, mama Collins."

"Na mama alikuwa anatahadharisha watu. Wewe uliliona wingu la siku ile. Yeye aliliona la miaka arobaini iliyopita. Ni mgonjwa, mzee Chenge. Ugonjwa wake una jina na una daktari."

Rose hakuwa mtu mbaya, na aliyosema baada ya hapo yalikuwa ya haki. "Nimekuelewa, dada. Lakini dagaa zangu hazijui ugonjwa. Zikianuliwa mbichi zinaoza."

"Ni kweli. Ndiyo maana naomba kipande pembeni ya kichanja changu kiwe chake. Mkimwona ametoka pale, mwamkieni, mshikeni mkono, mwambieni dagaa zake zinamngoja. Atarudi. Nimejaribu nyumbani."

Walibishana kwa kitambo kirefu. Mmoja alitaka afungwe kengele kama mbuzi, akanyamazishwa. Mwishowe kamati iliafiki: Janet abaki na kichanja, mama yake awe na sehemu yake, na yeyote atakayemfunga mgonjwa mwaloni aondolewe yeye.

"Basi, suala hili tumelifunga," alisema mwenyekiti.

Kwa kufunga, kamati ile ina ustadi. Kuomba radhi hakukuwa kwenye ajenda, na hadi leo hakujafanyika.

Akelo sasa hushuka mwaloni asubuhi karibu zote. Rose ndiye humrudisha mara nyingi kuliko wengine. Lakini ugonjwa unaendelea, kama daktari alivyosema utaendelea, na mwezi huu mzigo wa dawa wa Sachin haukufika. Akelo amekaa bila vidonge. Juzi hakukumbuka namna ya kushika kijiko, na Janet hajui kama ni hatua ya ugonjwa au ni ukosefu wa dawa, kwa kuwa hana wa kumpimia hapo karibu. Zahanati iko umbali wa dakika chache kwa miguu. Bado inaandika "uzee".

Kwa hiyo nasema nanyi mnaohusika, wala sizungumzi kwa mafumbo. Mzee Chenge na kamati yako: nendeni nyumbani kwa Akelo, mkamwombe radhi mbele ya watu walewale waliomwona amefungwa. Tabibu wa zahanati ile: acha kuandika umri wa mtu kana kwamba ni ugonjwa, pima masikio, macho, mkojo na damu ya kila mzee aliyechanganyikiwa, na usimchome sindano ya kumnyamazisha kabla hujajua anasema nini. Nanyi mnaoidhinisha dawa zinazowekwa nyuma ya dirisha mlilolipaka rangi na kuliita la wazee: wekeni humo vidonge vya kumbukumbu, na mpelekeni zahanati mtu aliyefundishwa kuvitumia. Msitujibu kwamba haviponyi. Vya shinikizo la damu na vya kisukari navyo haviponyi, na mnavigawa. Akelo anahitaji vyake mwezi huu. Vileteni.